Siagi ya Kabula

Mwezi uliopita tulimzika Mama Mdogo Kabula pale Buswelu, nyuma ya nyumba yake, na mpaka leo nikiukumbuka wasifu uliosomwa siku ile, chakula hakinipiti. Msomaji alikuwa Emanueli, mwanawe wa kwanza, mtu mzima sasa mwenye suti nyeusi na sauti iliyokwamishwa na kilio. Kwa kilio chake simlaumu. Namlaumu kwa maneno. Alisoma kwamba marehemu alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, na kwamba alikuwa msaidizi mwaminifu wa mumewe, marehemu Charles, katika mradi wa siagi ambao mumewe aliuanzisha baada ya kupunguzwa kazi kiwandani. Msaidizi! Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama wenzangu, nikajikuta nimeshakunja goti niinuke nimnyang'anye ile karatasi. Mdogo wake Emanueli, binti mwenye busara kuliko mimi, akanivuta kanga akaninong'oneza, dada, siyo hapa. Nikakaa. Mchungaji naye akaudaka ule mradi, akamshukuru Mungu kwa maono aliyompa Mzee Charles, watu wakaitikia amina. Baadaye, sahani za pilau mapajani, mzee mmoja akanieleza mimi, mimi niliyekuwapo, jinsi Charles alivyokuwa mtu wa kuona mbali. Nilimjibu kwa adabu kwamba pilau ni tamu.

Sasa nimerudi nyumbani kwangu, hakuna wa kunivuta kanga, nami nasema. Habari za ukoo, nani alimzaa nani na tulihamia kutoka wapi, tuziache. Zote zimo kwenye wasifu, na hizo angalau waliziandika sawasawa. Mimi nataka kuusimulia mwaka mmoja tu, mwaka ambao Emanueli alikuwa anatambaa uani na kuokota makaa akiyatia mdomoni, kwa hiyo hawezi kuukumbuka. Anajua alichosimuliwa na baba yake. Na baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa msimuliaji hodari.

Ulikuwa mwaka wa katikati ya miaka ya tisini, wakati wa ruksa na soko huria, maduka ya Mwanza yalipofurika vitu ambavyo sisi tukiwa wadogo tulivisikia tu kwa watu waliovuka mpaka. Sabuni za rangi, biskuti za kopo, redio za kila ukubwa, mitumba hadi barabarani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nikatumwa Mabatini nimsaidie Mama Mdogo kulea mtoto. Alikuwa mdogo wa mama yangu, mwembamba, mwenye shingo ndefu, asiyependa maneno mengi. Walipanga vyumba viwili kwenye nyumba iliyoegemea jiwe kubwa, kama nyumba nyingi za kule mlimani. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi ya mbao yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kiwanda ukutani, na pazia la maua lililokigawa ili mimi nipate pa kulala. Lakini maisha yenyewe yalikuwa uani, kati ya jiko la mabati na lile jiwe. Upande mmoja wa jiwe haukupigwa na jua mpaka asubuhi iwe imekwisha kabisa. Ukiliwekea kiganja lilikuwa baridi kama mtungi. Hapo ndipo Mama Mdogo alipovipanga vyungu vyake vya maziwa.

Maziwa yalitoka Buswelu, ambako wakati ule kulikuwa bado ni mashamba na maboma ya ng'ombe. Yaliletwa kwa baiskeli kutoka kwa mzee mmoja aliyeitwa Luhende. Mama Mdogo aliyamimina kwenye chungu, akaongeza mtindi kidogo wa jana, akafunika kwa kitambaa, akayaacha kando ya jiwe yagande. Alfajiri ya kesho yake alichukua kijiti kilichoshika moto, akakiingiza ndani ya kibuyu chake, akakizungusha mpaka moshi ukafuka mdomoni, kisha akakung'uta majivu yote na kukipangusa. Hakukuwa na sabuni wala maji ya moto. Moshi ndio uliosafisha, na moshi ndio ulioipa siagi ile harufu ambayo watu walipanda mlima kuifuata. Halafu alimimina maziwa mgando nusu tu, maana kibuyu kikijaa maziwa hayapati pa kujipigia, akakiziba, akakaa kwenye kigoda, akakilaza kibuyu mapajani juu ya kanga iliyokunjwa na kuanza kusuka, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mwanzoni ni sauti nyepesi ya maji. Baadaye inakuwa nzito, kibuyu kinaanza kugonga mkono kwa ndani, ndipo ujue siagi imejikusanya. Jua likiwahi kupanda aliongeza maji kidogo ya mtungini, kwa sababu siagi ikipata joto inayeyuka na haishikani. Akaimimina kwenye bakuli la mti, akaiosha kwa maji baridi tena na tena mpaka maji yatoke meupe bila utando, akaikandamiza kwa mwiko itoe maziwa yote, akatia chumvi. Maziwa yaliyobaki tuliyanywa, au tuliyafanya kitoweo cha ugali wa mchana. Asubuhi kulikuwa na viazi vitamu vya moto, na siagi ikitambaa juu yake. Sijala kitu kama kile tena, na nimekaa kwenye hoteli.

Kulikuwa na katazo moja ambalo nilikuja nalo tangu kijijini, na ndilo lililozua yote. Kwetu anayesuka maziwa hasalimiwi, na akisalimiwa haitiki. Hata awe mkwe, hata awe padri. Anayesuka yuko kazini na kibuyu, akifungua mdomo siagi inachelewa kujikusanya, au haiji kabisa. Ndivyo tulivyolelewa, na mtu wa kwetu akikukuta umekaa na kibuyu mapajani anapita kimya, anakaa pembeni, anasubiri. Ukimaliza unanawa mikono, unapiga goti, unamwamkia kana kwamba ndiyo kwanza kaingia. Hakuna aliyeona hiyo ni dharau. Ilikuwa adabu ya namna yake.

Siagi ile ilikuwa na wenyewe. Ile ya kopo kutoka nje ilikuwa imejaa kila duka, ya manjano kama rangi ya mlango, lakini waliojua siagi walikuja Mabatini: wauguzi, walimu, na mteja mkubwa kuliko wote, Bi Gulshan, mwenye duka la mikate upande wa Mirongo. Mama huyu alikuwa mkali kwa kila mtu isipokuwa Mama Mdogo. Aliifungua siagi, akainusa, akafumba macho, basi. Hakuna la kubishana. Na niseme wazi kwa nini haya yote yalikuwa na uzito. Ndani ya nyumba ile kila kitu kilikuwa cha mume. Makochi yake, redio yake, ambayo hata stesheni hakuruhusiwa mtu kubadili, jina lake ndilo mwenye nyumba aliloita. Siagi ilikuwa ya Mama Mdogo. Mama yake mzazi alimpa kibuyu kile siku ya kuolewa, na mikono yake ndiyo iliyojulikana. Wateja hawakusema siagi ya nyumba ya Charles. Walisema siagi ya Mama Emanueli, na akilisikia hilo aliinamisha uso asionekane akitabasamu.

Kisha kiwanda kikauzwa, na Baba Mdogo Charles akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nitamtendea haki: hakuwa mlevi, hakumpiga mkewe, na aliumia kweli. Mtu aliyezoea king'ora cha kiwanda kumwamsha sasa aliamka bila pa kwenda, akakaa kwenye kochi na viatu miguuni. Ningekuwa sina huruma kama nisingesema hivyo. Lakini kuumia si ruhusa ya kumla mwenzako. Wenzake wa kiwandani walianza kuja kumtembelea, nami nikiwa nyuma ya pazia nambembeleza mtoto niliyasikia maneno yakibadilika wiki hadi wiki. Mwanzoni alisema mke wangu ana kashughuli kake ka maziwa. Baadaye akasema hapa nyumbani tuna mradi. Haukupita muda nikamsikia akisema mradi wangu wa siagi, akieleza jinsi alivyopanga kuupanua, na wale wazee wakiguna kwa heshima. Mama Mdogo alipita na chai akawawekea mezani. Alisikia kama nilivyosikia mimi. Uani nikamuuliza, Mama Mdogo, mbona humwambii? Akasema mwache, mwanangu, mtu akipoteza kazi anahitaji kitu cha kusema mbele ya watu. Huyo ndiye mliyemwita msaidizi.

Wakati ule ilikuwa imeingia mjini miradi ya kila aina ya kuwakopesha watu waliopunguzwa kazi, na Baba Mdogo akampata ofisa wa mradi mmojawapo. Jina lake sikulijua, tulimwita Bwana Mradi. Alimleta nyumbani asubuhi, makusudi, aone uzalishaji. Nilikuwa nafagia uani walipoingia, Bwana Mradi na mkoba wake na viatu vinavyong'aa, Baba Mdogo nyuma yake anacheka bila sababu. Mama Mdogo alikuwa amekaa kigodani, kibuyu mapajani, anasuka. Bwana Mradi akamsalimia. Kimya. Akarudia kwa sauti zaidi, kama watu wanavyomsemesha kiziwi. Kibuyu kikaenda na kurudi. Mtu wa kwetu angeelewa hata kabla ya kusalimia, lakini huyu alikuwa mtu wa kuja, na Baba Mdogo, aliyekulia misheni na kuyaona mambo ya vibuyu ni ushamba, aliaibika mpaka masikio. Nikajitosa mimi. Nikamwamkia mgeni, nikamweleza kwamba mama anasuka na kwetu anayesuka hasemi. Bwana Mradi akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto. Akachungulia kibuyu kingine kilichokuwa kimeinamishwa ukutani, akaona weusi wa moshi ndani, akauliza tunaviosha kwa kitu gani. Nikasema hatuoshi, tunafukiza. Akaandika kitu. Akamwambia Baba Mdogo kwamba mashine ya kusukia siagi anaweza kuipata, lakini kwanza mazingira haya yawe safi: sabuni, maji ya moto, vifaa vyote. Wakaondoka. Siagi ilipojikusanya, Mama Mdogo alinawa, akatoka mbio hadi njiani apige goti amsalimie mgeni. Mgeni alikuwa ameshateremka mlima.

Jioni ile nilisikia ugomvi wao chumbani, au tuseme nilimsikia mmoja. Baba Mdogo alisema amemdhalilisha mbele ya mtu mkubwa, amemfanya aonekane ameoa bubu, kwamba dunia imebadilika na watu wa vibuyu wataachwa. Mama Mdogo alisema tu kwamba alitoka kumsalimia akakuta ameondoka. Na Jumapili iliyofuata, tulipokuwa kanisani mimi na yeye na mtoto, Baba Mdogo alibaki nyumbani akasema ana kichwa. Tuliporudi tulimkuta uani, mikono ya shati imekunjwa, povu hadi viwikoni. Alikuwa amevijaza vibuyu vyote viwili maji ya moto na sabuni ya unga, ile ya kutoka nje yenye harufu ya maua, akavisugua ndani kwa kijiti kilichofungwa tambara. Alifurahi, jamani. Alituonyesha ndani palivyotakata. Mama Mdogo alinikabidhi mtoto, akachukua kibuyu chake, akakitia pua. Sikuwahi kumwona amekaa chini ghafla vile. Kibuyu si sufuria. Kibuyu kinakunywa. Kila unachokitia kinaingia kwenye nyama yake na hakitoki.

Alijaribu kila kitu. Alikifukiza kwa miti aliyoijua, akakilaza na maziwa yaliyochacha ndani, akakimwaga, akakianika, akaanza upya. Akamwomba mumewe amwachie muda kibuyu kipone, au apate kingine kipya akizoeshe polepole, maana kipya nacho ni kichungu. Baba Mdogo hakusubiri. Wateja wanangoja, alisema, na sasa kimekuwa safi kuliko zamani. Asubuhi moja Mama Mdogo alipokuwa amempeleka mtoto kliniki, Baba Mdogo alikisuka mwenyewe. Mwanamume, kibuyu mapajani, anapiga mluzi. Aliipata siagi kidogo, laini, akaifunga kwenye majani kama alivyomwona mkewe akifanya, akampelekea Bi Gulshan. Kesho yake dereva wa Bi Gulshan aliirudisha yote pamoja na keki moja iliyookwa nayo. Nikaimega nikaionja. Nilikuwa kama nimeuma nguo iliyotoka kufuliwa.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Baba Mdogo alivaa shati lake la kiwandani, akaniambia nibebe kikapu, tukateremka hadi Mirongo kuomba radhi. Nilisimama mlangoni kati ya magunia ya unga, nikasikia kila neno. Bi Gulshan alimuuliza ni nani aliyeiharibu siagi ya miaka yote. Na yule bwana, aliyefua kibuyu kwa mikono yake, aliyesuka kwa mikono yake, akashusha sauti, akasema, "Ni mke wangu, mama. Mchafu. Nimemwambia mara nyingi. Lakini sasa inakuja mashine, nitasimamia mwenyewe." Dukani kulikuwa na wanawake wawili wa Mabatini wananunua mikate. Waligeuka wakanitazama mimi, kama vile uchafu ule ulikuwa unatembea nami. Nikaondoka bila hata kumuaga Bi Gulshan. Njiani Baba Mdogo aliniambia kwamba biashara ina maneno yake, nisiyachukulie. Nikayachukua. Nilifika nyumbani nikayatua mbele ya Mama Mdogo neno kwa neno. Alikuwa anachagua mchele. Akauliza, alisema mchafu? Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchagua, lakini alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe.

Mji haukukawia. Haikuisha wiki kukawa na msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu, na Mama Mdogo akajifunga kanga akaenda kupika, kama alivyofanya kwenye kila msiba wa mtaa. Alipoushika mwiko, mama mmoja akautoa mkononi mwake taratibu, kwa upole kabisa, akamwambia, Mama Emanueli, wewe pumzika leo. Mwingine akamwondolea karai la nyama. Hakuna aliyemtukana. Waliokaa Uswahilini wanajua maana ya kuambiwa pumzika jikoni kwenye msiba. Alirudi nyumbani, akamsubiri mumewe ale ashibe, kisha akamwambia jambo moja tu, mimi nikiwa naondoa vyombo. Alimtaka aende kwa Bi Gulshan akaseme ukweli. Hakutaka aombe radhi, hakutaka chochote kingine. Aseme sabuni aliitia nani. Baba Mdogo akacheka, halafu akakasirika. Akasema hayo ni mambo madogo ya wanawake, kwamba yeye anajenga jina sasa na hawezi kwenda kujishusha dukani kwa mtu kwa sababu ya kibuyu. Akasema jina likishakuwa kubwa, nalo litamfunika mkewe. Nilikumbuka maneno hayo siku ya mazishi, na ndiyo maana nilikunja goti.

Mashine ikaja. Ilipandishwa mlimani kwa mkokoteni, ikawekwa chumba cha mbele mahali pa meza, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Majirani walikuja kuiangalia wakiwa wamevua viatu. Ilikuwa nzuri, sikatai. Ilitaka umeme, na umeme wetu wakati ule ulikuwa wa mgao. Ilitaka krimu nyingi kuliko maziwa yote aliyoweza kuletewa kwa baiskeli, na ilitaka barafu ambayo ilikuwa ya kufuatwa ufukweni kwa wanunuzi wa samaki, ikafika imeshakuwa maji na inanuka sangara. Ilipozunguka, nyumba nzima ilitetemeka mpaka kalenda ikaanguka. Ilichotoa kilikuwa cheupe, kinateleza, hakina harufu ya kitu chochote. Baba Mdogo alikisifu peke yake. Na siku ileile aliyokisifu, Mama Mdogo alimfunga Emanueli mgongoni, akanipa mimi vyungu, akamwambia mumewe kwamba anakwenda Buswelu kukaa karibu na maziwa. Hakusema anamwacha. Maneno yake ya mwisho pale yalikuwa yaleyale: siku utakayokwenda kusema ukweli, nitarudi siku hiyohiyo.

Mzee Luhende na mkewe walitupa chumba cha pembeni, kuta za udongo, sakafu iliyosiribwa kwa samadi, mlango unaotazama zizi. Kibuyu cha kuazima hatukuomba, kwetu haviazimwi. Mke wa Luhende alimpa kipya kutoka shambani, nacho kikawekwa na maziwa ndani, yanamwagwa na kubadilishwa, kiachane na uchungu wake. Katikati ya kusubiri, Mama Mdogo alichukua kopo tupu la siagi ya nje, kubwa lenye mfuniko unaobana, akalichemsha, akalitumia hilo. Kopo halishiki moshi, kwa hiyo alifukiza chungu cha kugandishia maziwa badala yake, mpaka maziwa yenyewe yakaja na harufu. Tulikaa mlangoni alfajiri, tukipokezana, yeye na mimi, kwenda na kurudi, ng'ombe wakituangalia. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna barafu. Upepo wa asubuhi wa Buswelu ulitosha. Siagi ilikuja ngumu, ya rangi ya malai, na mke wa Luhende alipoinusa aliita wanawake wenzake. Wakaanza kuja. Hao hawakujua mchafu ni nani. Walijua siagi.

Ilikuwa msimu wa viazi umekwisha, jua limeshakuwa kali, Baba Mdogo alipokuja kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda. Mashine ilikuwa imesimama, wateja wamekimbia. Alikaa kwenye kigoda tulichompa, akamwambia mkewe kwamba yamekwisha, warudi Mabatini, wafanye kazi pamoja, yeye atafute masoko na mkewe asuke. Alizungumza vizuri. Mama Mdogo alikuwa anaikanda siagi ya asubuhi ile kwenye bakuli la mti, anamsikiliza. Hajajibu, tukasikia gari likihangaika kwenye mawe ya njia, pikapu nyeupe, ikasimama mbele ya zizi na injini inanguruma. Akashuka Bi Gulshan mwenyewe, bakuli mkononi, kitambaa puani kwa ajili ya samadi. Alikuwa ameionja mahali fulani mjini, akauliza inatoka wapi, wakamwambia Buswelu. Alidhani mashine imehamishiwa huku. Hakutuona vizuri kwa jua. Alipaza sauti kuuliza kama hapa ndipo penye siagi ya Bwana Charles.

Baba Mdogo akainuka. Naapa aliinuka, akatengeneza kola, akafungua mdomo. Mama Mdogo hakuinuka.

"Ya Charles sina," alisema. "Nina siagi ya Kabula."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akijiita jina lake. Bi Gulshan akasogea karibu, akamtambua, akaangalia bakuli la mti, akaangalia mikono yake iliyooshwa mpaka kucha zinang'aa. Nikaona anakumbuka alichoambiwa, na anasita. Harufu ya siagi ilikuwa inamvuta na lile neno lilikuwa linamzuia. Akasema atachukua yote, lakini alilisema kwa kusitasita, akimtazama Baba Mdogo kama anayeuliza kama ni salama. Hapo Mama Mdogo akalifunika bakuli lake kwa kanga.

"Siuzi," alisema, "mpaka huyu akuambie sabuni ilitiwa na nani."

Baba Mdogo akacheka kidogo, akasema mama huyu ametoka mbali, tusimcheleweshe kwa mambo ya nyumbani. Mama Mdogo hakumtazama. Jua lilikuwa limefika mlangoni, linapanda kwenye miguu yake, na mimi niliyejua siagi inavyokwenda nilitamani kulisogeza bakuli kivulini. Nikamwona ananikataza kwa macho. Kanga ilianza kupata doa la mafuta. Dereva akazima injini. Mke wa Luhende alitoka zizini na ndoo akasimama. Tulisimama wote, na Bi Gulshan, mwanamke aliyezoea kufokea wanaume waliomzidi umri, aliteremsha bakuli lake ubavuni. Alikuwa anamsubiri Charles.

Alisema. Alisema akitazama chini, na mara ya kwanza haikusikika. Mama Mdogo akamwambia kwa upole kwamba mama hajasikia. "Mimi," akasema Baba Mdogo. "Kibuyu nilikiosha mimi kwa sabuni. Siagi ile niliisuka mimi. Yeye hakuwapo."

Mama Mdogo akaifunua kanga, akaufuta mwiko, akamnyooshea Bi Gulshan mkono.

"Haya, mama," akasema. "Leta bakuli."